UZI: Miaka sita kwenye vikao vya watu wazima vya Waunitariani, na nilichojifunza kuhusu kunyamaza

#1 MwangaWaJioni (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nimeombwa mara kadhaa kwenye nyuzi za wenzangu nieleze habari hii ya watu wazima kukaa darasani kanisani kwetu, na kila nikijibu kwa mistari mitatu naona nimewapunja. Leo nimekaa. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize katikati, sina haraka.

Ninachoulizwa zaidi ni hiki: kanisa lisilo na ungamo la imani, yaani maneno ya imani ambayo kila mshiriki lazima ayakubali, linawafundisha nini watu wazima? Ni swali la haki. Mimi nililelewa mahali ambapo mafundisho yalikuwa ya watoto. Ukishapata kipaimara umehitimu, kilichobaki ni kukaa kwenye benchi na kusikiliza mahubiri. Siku ya pili tu ya kufika kwa Waunitariani nilimkuta mama wa miaka themanini na ushee amesimama mezani anaandika jina lake kwenye orodha ya darasa la wiki sita. Nikamuuliza anakwenda kujifunza nini. Akasema, "Mwaka jana nilikuwa na hakika na mambo mawili kuhusu kifo. Sasa nimebaki na moja, nataka kulikagua."

Kwa wasiowajua: jina Waunitariani linatokana na umoja wa Mungu, yaani Mungu mmoja asiye na nafsi tatu. Hapo ndipo walipoanzia. Leo usharikani utamkuta Mkristo, utamkuta anayefuata mafundisho ya Buddha, utamkuta asiyeamini Mungu kabisa, na wote wanaimba pamoja. Kinachowafunga ni agano la namna ya kuishi na kutafuta ukweli pamoja. Sasa agano la namna hiyo halishiki lenyewe. Watu wanalifanyia kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye hivi vikao, jioni, kwenye chumba chenye viti kumi vilivyopangwa mviringo.

#2 MwangaWaJioni

Historia kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini tunayachukulia mazungumzo kama ibada.

Mwaka 1553, tarehe 27 Oktoba, daktari Mhispania aitwaye Michael Servetus alichomwa moto akiwa hai huko Geneva kwa sababu ya vitabu alivyoandika kupinga fundisho la Utatu. Miaka 15 baadaye, upande wa mashariki huko Transylvania (leo ni sehemu ya Romania), likatokea jambo la kinyume chake. Mfalme John Sigismund na bunge lake walikutana mji wa Torda mwezi Januari 1568, wakaamua kwamba wahubiri wahubiri Injili kila mmoja anavyoielewa, na watu wasilazimishwe kupokea kisichoituliza mioyo yao, kwa kuwa imani ni zawadi ya Mungu. Uamuzi ule ulikuwa na mipaka yake, haukuwafikia watu wote kwa usawa. Lakini kwa karne ile ni jambo la kushangaza.

Mhubiri aliyekuwa mstari wa mbele ni Ferenc Dávid. Mwaka huohuo wa 1568 ulifanyika mjadala wa hadhara kuhusu Utatu mbele ya mfalme huko Gyulafehérvár, ukaenda siku 10. Siku kumi wakuu! Watu wazima wamekaa wanasikiliza hoja na majibu ya hoja.

Kisha mfalme akafa, akaja mtawala mwingine, ikatungwa sheria ya kukataza mafundisho mapya. Mliyoyaamini jana endeleeni nayo, ila msiongeze jipya. Dávid hakuweza kukaa na hilo, akaendelea kuuliza, akahukumiwa, akafia gerezani kwenye ngome ya Deva mwaka 1579. Mimi naona hapo ndipo penye somo. Kilichomfunga ni kule kuendelea kufikiri baada ya kuambiwa imetosha. Kila ninapoona mtu mzima usharikani anasema "hili nililidhani hivi, sasa sina uhakika", namkumbuka yule mzee wa Deva.

#3 Mdadisi77

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi si Muunitariani wala sina mpango huo, lakini nina kundi la watu wazima usharikani kwetu ninaloliongoza na limekufa. Watu wanakuja, wanafungua Biblia, nasoma, naeleza, nauliza "kuna maswali?", kimya, tunafunga kwa sala. Nieleze hasa mnafanyaje. Tangu mtu anaingia mlangoni.

#4 MwangaWaJioni

Ndugu yangu Mdadisi, nakueleza hatua kwa hatua.

Kuna vikao vya aina mbili na watu wanavichanganya. Kuna darasa: lina mada, lina masomo ya kusoma nyumbani, lina mwanzo na mwisho, mara nyingi wiki nne hadi nane. Na kuna kundi dogo la mazungumzo, ambalo ni watu wanane hadi kumi walewale, mwezi hadi mwezi, hawasomi sana, wanasikilizana. Nitaanza na kundi dogo kwa sababu darasa lisilojifunza kutoka kundi dogo linakufa kama la kwako.

Ukiingia unakuta taa ya kikombe katikati, juu ya kigoda. Ni alama yetu, kikombe chenye mwali wa moto. Ilichorwa mwaka 1941 na Hans Deutsch, mchoraji aliyekuwa mkimbizi mwenyewe, kwa ajili ya kamati ya Waunitariani iliyokuwa Lisbon ikisaidia watu kuwakimbia Wanazi. Ilikuwa muhuri wa kuweka kwenye karatasi, ili mtu anayekimbia aione na ajue amefika kwa watu wa kuaminika. Tukiiwasha jioni ile tunasoma mistari michache tu, hakuna hotuba.

Kisha kila mtu anasema amekujaje. Mmoja atasema amechoka, mwingine mtoto wake anaumwa. Hakuna anayejibu. Mwezeshaji anasoma kipande kifupi na swali moja, tunakaa kimya dakika tatu nzima. Baada ya hapo jiwe linazunguka. Ni jiwe la kawaida la mtoni, limelainika kwa kushikwa. Mwenye jiwe ndiye anayesema. Hakuna anayesema mara ya pili kabla kila mtu hajapata mara ya kwanza. Usipotaka kusema unasema "napita" na hakuna anayekuuliza kwa nini. Hakuna anayemshauri mwenzake, hakuna anayemsahihisha, hakuna "hata mimi yalinikuta hayohayo". Mzunguko wa pili ndipo unaweza kugusia alichosema mwingine, na hata hapo ni kwa kumuuliza.

Haya yote tuliyaandika wenyewe siku ya kwanza kwenye karatasi moja, tukaitia sahihi. Yanayosemwa ndani yanabaki ndani. Kwa hiyo mifano nitakayotoa nimeibadilisha vya kutosha, na wenyewe nimewaomba ruhusa.

#5 BintiWaMchungaji

Nasoma kwa makini lakini naomba niseme wazi, hapo sijaona mafundisho. Watu wanakaa mviringo wanaeleza hisia zao wakishika jiwe. Mtu akisema uongo hakuna wa kumsahihisha. Hiyo ina tofauti gani na kijiwe?

#6 MwangaWaJioni

Dada, swali lako zuri na nitalijibu kwa sehemu mbili, maana limegusa mambo mawili. Kwanza hili la jiwe.

Tulikuwa na mzee mmoja kwenye kundi letu, alifundisha hisabati maisha yake yote. Vikao vitatu mfululizo jiwe likimfikia anasema "napita", analiweka kwenye kiganja cha mwenzake taratibu kama mtu anayekabidhi yai. Kikao cha nne swali lilikuwa hili: ni kitu gani ulichokibeba kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia? Jiwe likamfikia, akalishika. Akasema mke wake alipokuwa mgonjwa sana yeye alikuwa anamwombea kila usiku, kwa sauti, ili asikie. Kisha akanyamaza.

Dada mmoja aliyekaa karibu naye, mtu wa huruma sana, akavuta pumzi aseme kitu. Nilimwona. Alikuwa na mstari wa maandiko tayari mdomoni, na ulikuwa mstari mzuri. Mwezeshaji akainua kiganja kidogo tu kutoka gotini. Yule dada akajizuia. Tukakaa. Nilikuwa nautazama mwali wa taa na nilisikia saa ya ukutani ikigonga. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka kikaanza kuuma.

Ndipo yule mzee akasema, "Nilikuwa siamini neno hata moja. Niliomba kwa sababu yeye alilala vizuri akinisikia. Na tangu afe sijajua kama nilimdanganya au nilimpenda."

Nakuambia kweli, kama yule dada angetoa mstari wake, hayo maneno yangezikwa nayo. Mzee angesema "asante", angepitisha jiwe, na sisi wote tungekwenda nyumbani tukiamini tumemfariji. Nimehubiriwa kuhusu sala tangu utotoni. Sikuwahi kufikiria sala kama ilivyonibidi kuifikiria usiku ule na wiki zilizofuata. Kwa hiyo ukiniuliza kama hapo pana mafundisho, nasema yapo, ila hayakutoka kwa mwezeshaji.

#7 Fundi_Maneno

Nimesoma #6 mara mbili. Asante mkuu. Mama yangu aliomba hivyohivyo kwa baba.

#8 MwangaWaJioni

Pole na asante, ndugu yangu.

BintiWaMchungaji, sehemu ya pili. Uliuliza nani anasahihisha makosa. Kwenye kundi dogo hakuna, kwa sababu mtu anasimulia maisha yake na hayo si ya kusahihishwa. Kwenye darasa mambo ni tofauti, na hapa nina msimamo mkali kuliko wengine usharikani kwetu: uhuru wa kuamini hauna maana ya uhuru wa kukosea tarehe.

Mfano. Kwenye darasa la historia ya kanisa la kale, mwenzetu alisema kwa kujiamini kwamba fundisho la Utatu lilitungwa na Konstantino, mfalme wa Roma, kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325. Vichwa vikatikisika, wote wanakubali. Hiyo hadithi inatupendeza sisi Waunitariani, inafanya mambo yawe mepesi. Lakini si sahihi. Nikea walibishana hasa kuhusu Mwana, kama ni wa asili moja na Baba au ni kiumbe. Habari ya Roho Mtakatifu iliguswa kwa maneno machache tu, ikaja kupanuliwa Konstantinopoli mwaka 381, na katikati ya miaka hiyo ubishi ulipanda na kushuka, kuna wakati upande wa Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ndio uliokuwa na nguvu ikulu. Mwezeshaji alisimamisha darasa akatuambia kosa linalotupendeza ndilo la kukagua kwanza. Tukarudi kusoma. Darasa zima wiki ile tulitumia kwa swali hilohilo moja, na tulitoka tukiwaheshimu zaidi watu wa Nikea ambao hatukubaliani nao.

Kwa Waunitariani-Wauniversali wa Marekani, ambao ni muungano wa makanisa mawili tangu 1961, mwaka 1985 waliandika kanuni saba, na mojawapo ilisema juu ya kutafuta ukweli na maana kwa uhuru na kwa kuwajibika. Mwaka 2024 walibadili maandishi hayo, sasa wametaja tunu kadhaa zinazouzunguka upendo. Wapo waliofurahi, wapo waliosikitika, na sitaingia huko leo. Lakini lile neno *kuwajibika* mimi nimelishikilia. Watu wakisikia kanisa lisilo na ungamo wanashika neno *uhuru* wanakimbia nalo, hilo la pili wanaliacha mlangoni.

#9 BintiWaMchungaji

Hapo kwenye Nikea umenigusa, sikutegemea kusikia hilo kutoka upande wenu. Bado sikubaliani kuhusu Utatu, ulijue hilo. Lakini endelea.

#10 MzeeWaKitabu

Ongezeni hapo kwamba hawa watu walianza mapema kuhangaikia elimu, na kwa sababu ya kufungiwa milango. Uingereza zamani ukitaka kusoma Oxford ilibidi utie sahihi ile misingi 39 ya imani ya Kanisa la Anglikana. Asiyeamini Utatu atatiaje sahihi? Ndiyo maana waliojitenga na kanisa rasmi wakaanzisha vyuo vyao. Kimojawapo ni Warrington, 1757, na Joseph Priestley, yuleyule wa gesi ya oksijeni, alifundisha pale miaka ya 1760. Kutoka mzizi huohuo kikatokea chuo kilichohamahama Manchester, York, London, mwisho kikafika Oxford kwenyewe. Leo kinaitwa Harris Manchester, na kinapokea wanafunzi watu wazima tu, wa miaka 21 kwenda juu. Waliofungiwa mlango wa Oxford leo wana nyumba yao humohumo ndani, nayo ni ya wale waliochelewa kusoma. Mimi nilirudi shule nikiwa na wajukuu, kwa hiyo habari ya chuo hiki naipenda sana.

#11 MwangaWaJioni

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nami naongeza mwanamke mmoja. Margaret Fuller, Boston, mwaka 1839. Alikuwa kwenye lile duara la waandishi na wachungaji wa Kiunitariani wa akina Ralph Waldo Emerson, yule mwandishi wa Kimarekani. Wanawake wakati ule hawakuruhusiwa chuo kikuu cha Harvard, wakisoma walisoma ili wapendeze sebuleni. Yeye akaanzisha mazungumzo ya kulipia kwa wanawake watu wazima, akayaendesha mpaka 1844, mengi yakifanyika kwenye duka la vitabu la Elizabeth Peabody. Maswali aliyowawekea mezani yalikuwa mawili: tumezaliwa tufanye nini, na tutakifanyaje? Akawa anawataka waseme walichofikiri wenyewe, na wengine waandike.

Mtu akitaka kujua kikao kizuri kinaanzaje, aanzie kwenye maswali hayo mawili. Hayana jibu kitabuni na hayakwepeki.

#12 Mdadisi77

Sasa hapo ndipo ninapotaka. Haya maswali. Mimi nikiuliza "mnaonaje?" hakuna anayeona kitu.

#13 MwangaWaJioni

"Mnaonaje" ni swali la kumwuliza mtu aliyeshika rangi mbili za ukuta, mkuu. Mtu mzima akiulizwa hivyo mbele za watu anatafuta jibu ambalo halitamwaibisha, na lile lisilomwaibisha ni kukaa kimya.

Nikueleze kosa langu, kwa sababu hili nililijifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa pili nilipewa darasa la wiki sita kuhusu jinsi vitabu vya Agano Jipya vilivyokusanywa. Nilijiandaa vizuri mno. Wiki ya kwanza niliongea dakika hamsini bila kupumua: barua za Paulo kwanza, Injili ya Marko kabla ya nyingine, orodha mbalimbali, barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367 yenye vitabu vilevile 27 tulivyonavyo. Yote kweli. Walikuja kumi na wanne. Wiki ya tatu wakabaki watano. Mama mmoja kati ya waliobaki akanisubiri mlangoni akaniambia, "Mwanangu, unatupa chakula ulichokwisha kukitafuna."

Sikulala vizuri. Wiki ya nne nilifika na karatasi tano tupu. Nikawaambia, fikirini usharika wetu umepata kuchagua maandishi matano tu ya kuwaachia watakaokuja miaka mia baadaye. Yoyote. Barua, wimbo, hata kumbukumbu ya kikao. Mkae wawili wawili, mchague, na muandike mlichokikataa na sababu. Dakika ishirini baadaye kulikuwa na ugomvi wa heshima mle ndani kuhusu barua moja ya zamani, kama inafaa kuachwa kwa kuwa aliyeiandika hajulikani. Ndipo nikawaambia: haya, huo ndio ubishi waliokuwa nao kuhusu Waraka kwa Waebrania. Mama yule akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Kumbe!"

Kwa hiyo nikitunga swali siku hizi najiuliza kama mtu anaweza kulijibu bila kugusa maisha yake. Akiweza, nalitupa. "Je, Mungu yupo?" nalitupa. Badala yake: mara ya mwisho ulitamka jina la Mungu ukiwa peke yako ilikuwa lini, na ulimaanisha nini? Hata asiyeamini ana jibu, na mara nyingi jibu lake ndilo linalokaa na watu.

Kitu kingine kidogo: wawili wawili kwanza, kisha wote. Asiyeweza kusema mbele ya kumi anaweza mbele ya mmoja, na akishasema mara moja sauti yake imekwisha kupita kooni, haiogopi tena.

#14 Tulizana

Niruhusuni niseme upande wa pili. Nilikuwa kwenye vikao kama hivi karibu miaka miwili nikaacha, na sikuacha kwa kuchukia. Kila kikao kulikuwa na karatasi ya kusoma, ya lugha ya juu, na mazungumzo yalikuwa ya watu waliosoma sana. Mimi nafanya kazi ya zamu. Nikifika nimechoka, sijasoma, mtu ananitajia mwanafalsafa. Hakuna aliyenikosea adabu. Nilikuwa tu nasikia kwamba meza hiyo imeandaliwa kwa ajili ya wengine. Mnaposema hapa hakuna ungamo la imani, kwangu lilikuwepo, na liliandikwa kwa msamiati.

#15 MwangaWaJioni

Tulizana, nimekaa na maneno yako tangu jana, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Una haki na sina la kujitetea. Ni udhaifu mkubwa wa Waunitariani, si wa usharika mmoja. Tumetoka kwenye historia ya wasomi na wachungaji wenye maktaba, na tumerithi vya kwao vizuri na vibaya pamoja.

Nieleze tu tulichobadilisha kwetu, na hakitoshi. Hakuna tena kusoma nyumbani kwa kundi dogo. Kipande kinasomwa kwa sauti palepale, mara mbili, na sauti mbili tofauti. Hilo tulilifanya kwanza kwa ajili ya mwenzetu ambaye macho yake yamedhoofika, tukagundua kuna watatu waliokuwa wanaona shida kusoma na hawakuwahi kusema. Miaka yote ile walikuwa wanasema "napita". Tukaongeza pia kikao cha asubuhi kwa watu wa zamu. Na akitajwa mtu wa vitabuni, mtajaji anaeleza alisema nini kwa maneno ya kawaida au amwache.

Lakini umesema neno ambalo nitalipeleka kwenye kamati yetu kama lilivyo, ukiniruhusu: ungamo lililoandikwa kwa msamiati.

#16 Tulizana

Ruhusa unayo.

#17 Fundi_Maneno

Swali dogo nje ya mada. Afrika wapo?

#18 MzeeWaKitabu

Wapo na si wa juzi. Cape Town wapo tangu 1867. Lagos kuna kanisa la Kiunitariani lililoanzishwa 1919 na Waafrika wenyewe, wakiimba nyimbo zao kwa Kiyoruba. Kenya, Uganda na Burundi pia zipo jumuiya. Si watu wengi.

#19 BintiWaMchungaji

Nami nina la mwisho. Lile zoezi ulilowahi kulitaja kwenye uzi mwingine, la kila mtu kuandika imani yake kwenye ukurasa mmoja. Nilidhani ni majivuno, mtu kujitungia imani. Juzi nikajaribu, kimyakimya, nikiwa na hakika nitaandika Kanuni ya Imani neno kwa neno na kumaliza. Nimefika "nasadiki" nikakaa nusu saa. Si kwamba siamini. Nilikuwa sijawahi kuulizwa kwa nini naamini, na wa kuniuliza alikuwa ni mimi. Bado ni Mkristo wa Utatu. Ukurasa wangu umefika nusu.

#20 MwangaWaJioni

Dada, umenifurahisha sana. Kwetu zoezi hilo huchukua darasa zima la wiki nane na wengi hawamalizi, na hatuwasukumi. Andika kwa kalamu ya risasi. Yule mama wa themanini na ushee niliyemtaja mwanzoni alikuwa na wa kwake wa miaka kumi na miwili, kila mwaka anafuta kidogo na kuongeza kidogo. Karatasi ilikuwa imechakaa mpaka unaona mwanga upande wa pili.

#21 Mdadisi77

Narudi na mrejesho kama nilivyoahidi wenzangu inbox.

Jumatano nimejaribu. Tulikuwa saba. Viti mviringo, hilo peke yake liliwashangaza, wakauliza kama kuna msiba. Jiwe nililiokota uwanjani kwetu. Mada yetu ilikuwa mwana mpotevu, ambayo nimeifundisha mara nyingi sijui ngapi. Safari hii sikueleza lolote. Nikasoma, mwenzangu akasoma tena, nikauliza: ni nani uliyewahi kumsubiri kwenye njia? Dakika tatu za kimya. Mkuu hukuniambia dakika tatu ni ndefu namna ile, niliangalia saa mara nne.

Wawili walisema kidogo. Mmoja alisema kama anajibu mtihani. Halafu jiwe likafika kwa mama mmoja ambaye kwa miaka miwili hajawahi kusema neno zaidi ya "amina". Akalishika, akaligeuza, akasema "napita". Nikasema asante, likaendelea. Moyoni nikasema nimeshindwa.

Tumefunga, watu wanatoka, yule mama akabaki anakunja kanga yake. Akaniuliza, "Mwalimu, lile swali la leo, wiki ijayo linaruhusiwa kurudi?"

Nilishindwa nimjibuje. Nilimwambia nitauliza.

#22 MwangaWaJioni

Linaruhusiwa. Mwambie kabla ya Jumatano, mkiwa wawili tu, asilisikie mara ya kwanza mbele za watu. Usimwombe aseme. Mwulize tu kama angependa jiwe lianzie kwake au limfikie mwisho, na atakachochagua mfuate. Na zile dakika tatu usizipunguze.